Mizani ya Shukrani na Watu wa Lukole

Mwaka 2002 wanasaikolojia watatu wa Marekani, McCullough, Emmons na Tsang, walitoa kipimo cha shukrani chenye kauli 6. Anayepimwa hujipa alama kuanzia 1, akiipinga kauli kabisa, hadi 7, akiikubali kabisa. Alama hizo zikilinganishwa na za vipimo vya ustawi wa kiroho, mara nyingi huonekana kwamba mwenye shukrani nyingi ndiye mwenye roho tulivu. Hesabu haina kosa. Linalotia shaka ni kuibeba mizani hiyo, kwa tafsiri tu, mpaka mahali popote duniani.

Tuseme ingalipelekwa Lukole, wilayani Ngara, katika kambi iliyowahifadhi wakimbizi wa Burundi baada ya machafuko ya mwaka 1993, ambayo leo imekwisha kufungwa. Simon Turner, mwanaanthropolojia wa Denmark, alifanya utafiti huko mwaka 1997 na 1998. Hakwenda kupima shukrani; hata hivyo alisikia neno liwezalo kuivuruga mizani yoyote: wanaume walinung'unika kwamba, machoni pa wake zao, shirika la UNHCR limekuwa mume bora kuliko wao, maana ndilo linalolisha. Mwanamke wa nyumba kama hiyo akiulizwa kama anayo mengi ya kushukuru, ajibuje? Akikubali, amemwaibisha mumewe. Akikataa, mgawa chakula atamhesabu punda, ambaye shukrani zake ni mateke. Alama 7 atakayojipa yaweza kuwa hofu ya kupoteza kadi ya posho, wala isiwe shukrani hata chembe.

Lugha nayo ina lake. "Murakoze" ya Kirundi imetokana na kitenzi cha kufanya kazi. Humwelekea mtu aliyetenda. "Kushukuru" kwa Kiswahili kumetoka katika Kiarabu, na mara nyingi humwendea Mungu kwanza: hata mwenye homa akijuliwa hali husema anamshukuru Mungu. Kauli ikishatafsiriwa kwa neno hilo imekwisha kubeba dini ndani yake. Ni sawa na kumpima mtu kwa sentimita, kisha kwa inchi, halafu kustaajabu kwamba vipimo viwili vimeafikiana.

Kipimo kisitupwe. Ila anayeuliza asiwe yule anayegawa mahindi, na shukrani kwa Mungu, kwa jirani na kwa mfadhili asiyeweza kulipwa zihesabiwe mbalimbali. Iongezwe pia kauli juu ya kutoa. Mfaransa Marcel Mauss alikwisha kuonyesha mwaka 1925 kwamba zawadi humdai aliyeipokea airudishe; na mkimbizi aliyekatazwa kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali angeirudisha kwa kitu gani?