Figa Moja Haliinjiki Chungu: Tarakilishi ya Mhariri wa Picha na Video

Wahenga walinena kuwa figa moja haliinjiki chungu. Hekima hii ilizaliwa jikoni, lakini inamfaa mno mwanafunzi anayetafuta tarakilishi ya kuhariria picha na video. Aghalabu anayeingia katika maduka ya Barabara ya Luthuli jijini Nairobi huwa na swali moja tu: kichakataji ni cha aina gani? Akisha kutajiwa jina kubwa, hufungua mkoba. Sehemu nyinginezo humwachia muuzaji azijaze apendavyo kwa fedha zilizosalia. Anachobeba kwenda nacho ni kichwa cha ndovu kilichopachikwa juu ya miguu ya korongo. Kosa hili huuma zaidi pale chama cha wanafunzi kinaponunua chombo kimoja kwa michango ya wengi.

Ukubwa wa kazi yenyewe ndio unaolifichua kosa hilo. Picha moja ya video ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni 8, mara nne ya video ya 1920 kwa 1080. Ikitengewa baiti 4 kwa kila pikseli, picha hiyo huchukua takriban megabaiti 33. Video ya picha 25 kwa sekunde, ikishafumuliwa, huhitaji basi zaidi ya megabaiti 800 kila sekunde. Diski huitoa faili, kichakataji au kadi ya michoro huifumua, kumbukumbu huzishika picha, kadi huzitia rangi, na kiwambo huzionyesha. Mmoja akilegea, wote husimama kumngoja.

Jambo hili halikuanza leo. Mnamo mwaka 1967, Gene Amdahl, mhandisi wa Marekani, alieleza kuwa faida ya kuongeza vichakataji huwekewa mpaka na ile sehemu ya kazi isiyogawanyika. Endapo nusu ya kazi haigawanyiki, hata vichakataji elfu moja haviwezi kuimaliza kwa chini ya nusu ya muda wa awali. Kwa hivyo, wingi wa viini pekee si dawa ya kila uzito.

Mathalan, itazamwe kumbukumbu, ile ambayo wauzaji huiita RAM. Picha ya pikseli milioni 24, ikihaririwa kwa biti 16 kwa kila rangi, huchukua megabaiti 144 kwa tabaka moja. Matabaka kumi hupita gigabaiti 1.4, kabla ya kuhesabu hatua ambazo programu huzihifadhi ili mhariri aweze kurudi nyuma. Kumbukumbu ikijaa, tarakilishi hukimbilia diski, na kichakataji cha bei ghali hukaa kikisubiri. Gigabaiti 16 ni kiasi cha kuanzia kwa picha. Anayehariri video ya 4K afadhali alenge 32. Tena vipande viwili vinavyolingana hupitisha data kwa kasi kuliko kipande kimoja chenye ujazo uo huo.

Hata hivyo, kipimo hukataza pia israfu. Diski ya kuzunguka husoma takriban megabaiti 150 hadi 250 kwa sekunde. SSD ya SATA hufika 550 hivi. Zile za NVMe hupita 3000. Lakini video ya kamera iliyobanwa kwa megabiti 100 kwa sekunde huhitaji megabaiti 12.5 tu kusomwa. Mwenye kazi kama hiyo hana haja ya kununua diski yenye mbio kuliko zote. SSD ya kadiri yatosha kwa mfumo na kazi inayoendelea, na diski kubwa ya kuzunguka kwa ghala. Vivyo hivyo kwa kadi ya michoro: DaVinci Resolve huitegemea sana, ilhali kazi nyingi za Photoshop huegemea kichakataji na kumbukumbu.

Wapo watakaopinga kwamba kichakataji ni kigumu kubadilisha, hivyo heri kununua kikubwa leo na kuongeza mengine kesho. Hoja hii ina mashiko kwa tarakilishi ya mezani yenye nafasi za kuongezea. Lakini tarakilishi nyingi za mapajani siku hizi zina kumbukumbu iliyounganishwa moja kwa moja na ubao. Kesho yao haipo. Fauka ya hayo, bajeti ya chama iliyokwisha leo haina ahadi ya kurudi muhula ujao.

Yapo pia mambo ambayo hayatajwi kabisa dukani. Kiwambo kisichoonyesha rangi kwa uaminifu humfanya mhariri atibu picha isiyougua. Umeme nao hauna miadi: usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 ulikatika karibu kote nchini Kenya, na asiyekuwa na betri ya akiba alipoteza kila alichokuwa hajakihifadhi. La kuhuzunisha zaidi ni kukosa diski ya nakala. Vyama vya Kiswahili hurekodi tamthilia, ngonjera na masimulizi ya wazee. Diski ikifa, tamthilia huweza kuigizwa upya. Lakini mzee aliyekwisha kuaga dunia hatarudi kusimulia. Kanuni inayofaa ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikihifadhiwa mahali pengine.

Kwa hiyo, wenye kukabidhiwa mfuko wa chama na waanze na kazi, wala si jina la kichakataji. Waulize ni video ya aina gani, kwa programu gani. Bei ya diski ya nakala na betri itengwe kwanza, isiwe makombo. Kisha kinachobaki kigawanywe kati ya kichakataji, kumbukumbu, diski, kadi na kiwambo, hata ikibidi kushuka daraja moja la kichakataji. Mpishi hasifiwi kwa figa moja refu. Chungu chake hukaa imara pale mafiga yote yanapolingana.