Mate Yanaposema Ambalo Mdomo Umeficha

Mwaka 2018 wadadisi walibisha hodi katika nyumba za Watanzania kuuliza habari za tumbaku. Jibu likawa kwamba asilimia 8.7 ya watu wenye miaka 15 na zaidi wanaitumia: wanaume asilimia 14.6, wanawake 3.2. Takwimu za namna hii ndizo zinazoelekeza sera, nazo zimetoka vinywani mwa waliohojiwa. Mwanamke anayebwia ugoro kwa siri atamjibuje mgeni, mama mkwe akiwa anasikiliza uani?

Korea Kusini walilipima swali hilo. Katika utafiti wa afya wa taifa, wanawake asilimia 5.9 walikiri kuvuta sigara. Mkojo wao ulipopimwa, ikaonekana ni asilimia 13.9. Kwa wanaume pengo lilikuwa dogo zaidi kwa uwiano: 44.7 kwa 50. Aibu haikuwagawia sawa wanaume na wanawake, na hesabu ikapinda upande wa wanyonge.

Kilichowaumbua ni kotinini, kemikali ambayo mwili huitengeneza unapoivunjavunja nikotini. Nikotini yenyewe hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi katika damu. Kotinini huchukua takriban saa 16, kwa hiyo hubaki siku kadhaa katika mate, mkojo na damu. Uingereza imeutumia mtindo wa kuchukua mate katika utafiti wake wa afya kwa miaka mingi. Naamini nasi tunapaswa kufanya hivyo: tafiti zetu za kitaifa zichague sehemu ya waliohojiwa, na kwa ridhaa yao zichukue mate.

Lakini vipimo navyo vina upofu wake. Kile cha kupuliza, kinachosoma gesi ya kaboni monoksaidi katika pumzi, hakimuoni kabisa mla ugoro, kwa kuwa hachomi kitu. Mvutaji aliyefunga Ramadhani akipimwa alasiri anaweza kuonekana msafi, ilhali mama lishe aliyeshinda juu ya jiko la mkaa akaonekana mvutaji.

Kotinini ni hodari zaidi, ila nayo ina mitego. Mkulima wa Urambo anayechuma majani mabichi ya tumbaku yenye umande hufyonza nikotini kupitia ngozi, hata kama hajawahi kuwasha sigara. Anayetafuna dawa ya nikotini ili aache kuvuta naye hukutwa nayo. Kasi ya mwili kuisafisha hutofautiana kati ya mtu na mtu, na kwa mjamzito huongezeka. Hata kiwango cha kumtenga mtumiaji na asiyetumia si amri iliyoshuka: kwa miaka mingi kilikuwa nanogramu 14 kwa kila mililita ya damu, kisha watafiti wa Marekani wakapendekeza 3 kwa watu wazima wa kwao. Tukiazima mstari wa wengine bila kuujaribu hapa, tutawaita wakulima wetu wavutaji.

Ndiyo maana mate hayawezi kuchukua nafasi ya maswali. Mate husema nikotini imeingia. Mtu ndiye anayeeleza kama ni sigara, ugoro, tambuu yenye tumbaku au kazi ya shambani, na tangu lini. Viwili hivyo vikigombana, hapo ndipo penye jambo la kuchunguzwa.

Sharti moja lisiguswe: sampuli itenganishwe na jina, na majibu yasimfikie mwajiri, kampuni ya bima wala mume. Siku mate yatakapotumika kumfukuza mtu kazi, milango itafungwa na tutapoteza hata ukweli mdogo tulio nao.

Yule mwanamke wa uani hahitaji kufichuliwa. Anahitaji kuhesabiwa, ili siku atakapokwenda kliniki akute mhudumu aliyefundishwa kumuuliza kuhusu ugoro kwa upole, mlango ukiwa umefungwa.