Mzungu Anaulizwa Aleji, Mtoto Wetu Anaambiwa Anadeka

Leo naanza na udaku kidogo, halafu tunaongea kitu cha maana, msinikimbie.

Juzi kati kuna staa mmoja wa Dar, jina tunaliweka kapuni maana sitaki kesi, aliposti akiomba shule ya mwanae isimpe karanga kwa sababu mtoto ana aleji. Jamani, povu lililomwagika pale! Mara "aleji ni ugonjwa wa kishua", mara "anatafuta kiki huyo". Mmoja akamalizia: "Mpeleke Karatu akale makande, itaisha yenyewe." Hiyo ndo ikaniuma, kwa sababu Karatu ndo kwetu.

Sasa ngoja niwape siri ya Karatu. Nilipomaliza fomu foo nilipata kibarua jikoni kwenye lodge moja. Saa kumi alfajiri tunaanza kupanga lanchi boksi za wageni wanaoshuka kreta. Kitu cha kwanza nilichofundishwa ni kusoma karatasi iliyobandikwa ukutani: huyu hali karanga, yule hali mayai, mwingine hagusi ngano. Chakula chake kinakatwa kwa kisu kingine, ubao mwingine, boksi linaandikwa jina kwa maka peni. Ukikosea shefu anakuwakia mpaka unatamani ardhi ipasuke. Na ana haki, kule chini kreta hakuna hospitali.

Kwa hiyo tusidanganyane. Karatu aleji tunaijua vizuri sana. Ila tunaijua kwa mgeni anayelipa dola.

Nasema hivi kwa sababu ya mtoto wa mama yangu mdogo, ana miaka saba, yuko bweni. Shule siitaji. Siku moja asubuhi wakapewa uji wa lishe, ule unga wa kuchanganya na karanga na soya. Mtoto akasema mdomo unawasha. Akaambiwa aache kudeka, amalize kikombe. Akamaliza. Dakika chache tu uso umevimba, anatapika, kifua kinalia kama filimbi. Mmoja akasema kala sumu, wakamnywesha maziwa. Mwingine akasema mapepo, wakaanza kumwombea. Aliyemwokoa ni mpishi, alimbeba mgongoni mpaka barabarani akasimamisha bodaboda. Hospitali wakamchoma sindano ya adrenalini pajani, na baada ya muda akaanza kupumua vizuri.

Mngetaka nimseme mwalimu hapa, lakini tuwe wakweli. Mama mdogo alijua karanga zinamsumbua mwanae. Kwenye fomu ya kujiunga kulikuwa na orodha ya ndoo, ufagio, godoro na mashuka. Pa kuandika mtoto hali nini hapakuwepo, na yeye hakuuliza. Wote tulilala.

Haya, tuelewane kidogo. Aleji ni mwili kukiona chakula cha kawaida kama adui na kuanza kupigana nacho. Inaweza kuwa karanga, mayai, maziwa, samaki, ngano, soya, ufuta au korosho. Sio sawa na tumbo kukataa maziwa, ule ni mwili kushindwa kusaga sukari ya maziwa. Mwaka 2007 mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba wafugaji wengi wa Tanzania na Kenya wana mabadiliko kwenye vinasaba yanayowawezesha kunywa maziwa hadi ukubwani bila shida. Kwa hiyo ukinywa maziwa likajaa gesi tumbo, utateseka ila hutakufa. Aleji kali ni habari nyingine, inaweza kufunga njia ya hewa na kushusha presha kwa dakika chache.

Na wanaosema ni ushua, mwaka 2016 binti wa Uingereza wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula mkate uliokuwa na ufuta ambao haukuandikwa kwenye pakiti. Ufuta huu huu unaolimwa Lindi. Wazazi wake walipambana mpaka sheria ikabadilishwa, ikaanza kutumika Oktoba 2021. Kabla ya hapo, tangu 2017, shule za kule ziliruhusiwa kununua na kuweka sindano za adrenalini za dharura.

Najua mtaniambia, "Sisi sio Uingereza, darasa lina watoto kibao na sufuria ni moja." Kweli kabisa. Zile sindano za kujichoma mwenyewe bei yake ni ya moto na kuzipata ni shughuli. Sisemi pia karanga zipigwe marufuku, kuna watoto uji ule ndo mlo wao wa maana. Ila haya yanahitaji hela gani?

Fomu ya kujiunga iongezwe mstari mmoja tu: mtoto hali nini, na akila anakuwaje. Majina yabandikwe ukutani jikoni, kama lodge. Mwenye aleji awe na kikombe chake, upawa wake na unga wake kutoka nyumbani, na upikwe kwenye sufuria yake. Matroni na mwalimu wa zamu wajue dalili. Mtoto akivimba na kushindwa kupumua, maziwa hayasaidii, na piritoni peke yake haitoshi, anahitaji adrenalini. Msimtembeze. Alazwe, au akae kama anahema kwa shida, huku usafiri unatafutwa. Namba ya dereva iwepo kabla ya siku yenyewe, hasa shule za mbali kule Nainokanoka au Kakesio, ambako gari lenyewe ni la kusubiri.

Na zaidi ya yote, mtoto akisema mdomo unawasha, aaminiwe. Hiyo ni bure.

Wanaosema "zamani hakukuwa na aleji", nawauliza hivi: wale watoto wa zamani tulioambiwa wamerogwa, wamekula sumu, una uhakika gani wote walikuwa wamerogwa?

Staa wetu wa kapuni, dada endelea kupiga kelele, kwa hili niko upande wako. Na nyie mlioko Karatu, Rhotia, Mang'ola mpaka Ngorongoro, shule ya mwanao iliwahi kukuuliza hali nini? Wewe je, ulishawahi kuwaambia? Shusha koment hapo chini, tena mwenye mtoto wa hivi atuambie anafanyaje. Kuna mzazi anasoma kimya kimya na anahitaji kujua.