Wembe wa kunolewa au wa kubadilishwa? Tazama kabla ya kuinua kidevu

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe zako tia maji. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kwa mafumbo. Leo nataka tuichukue kama ilivyo, maana mazungumzo yetu ni ya wembe na ndevu.

Hebu fikiria ni Jumamosi jioni na umeketi kwenye benchi kwa kinyozi mtaani. Mbele yako wako watu wanne. Kinyozi amekwisha kumpitishia mteja mashine, na sasa anashika wembe kumchonga ndevu na kumsafisha kisogo. Anamaliza, anaupangusa wembe kwa kitambaa, anakung'uta shuka, kisha anakugeukia: "Karibu kiti, kaka." Je, msomaji, uliuona wembe ule ukibadilishwa? Au ulikuwa umezama katika mazungumzo ya kandanda?

Nyembe za kinyozi ziko za aina mbili. Kwanza kuna ule wa kukunja wa zamani, wenye bapa pana la chuma linaloingia ndani ya mpini kama kisu cha mfukoni. Nyembe za namna hii ndizo zilizoipa sifa miji ya Sheffield huko Uingereza na Solingen huko Ujerumani. Haubadilishwi bali hunolewa, na ukitunzwa vyema baba anaweza kumwachia mwanawe.

Aina ya pili huwa na umbo kama hilo, lakini yenyewe haina makali. Ni mpini tu, na ndani yake hutiwa wembe mwembamba wa dukani, uliovunjwa katikati ukawa nusu mbili. Wembe huo wa dukani asili yake ni Marekani, ambako King Camp Gillette alianza kuuza bidhaa yake mwaka wa 1903. Mwaka huo aliuza mashine 51 tu za kunyolea. Mwaka uliofuata aliuza zaidi ya 90,000. Watu walipenda jambo moja: wembe ukiwa butu unatupwa, na hakuna haja ya kunoa.

Sasa upi ni bora? Wanaoupenda ule wa zamani wana sababu. Ni mzito, kwa hivyo hutulia mkononi. Ukinolewa sawasawa hupita usoni taratibu bila kukwaruza. Lakini kazi yake si haba. Kila kabla ya kunyoa sharti uusugue kwenye ukanda wa ngozi ili makali yanyooke, na mara kwa mara uurudishe kwenye kinoo. Baada ya kunyoa sharti uukaushe barabara, la sivyo utashika kutu.

Ugumu wenyewe, mpenzi msomaji, unaanza pale wembe mmoja unapopita kwenye nyuso nyingi. Hata kinyozi hodari huchubua ngozi, na mchubuko mwingine ni mdogo hata damu yake haionekani kwa macho. Virusi vya Ukimwi hudhoofika upesi vikiwa nje ya mwili, lakini hiyo si sababu ya kucheza na damu ya mtu mwingine. Aidha, kuna ugonjwa ambao wengi wetu huusahau, nao ni homa ya ini aina ya B. Virusi vyake vinaweza kukaa nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi vikiwa bado na uwezo wa kuambukiza. Damu iliyokauka kwenye wembe siku ya Jumatatu yaweza kumdhuru mteja wa Jumamosi.

Humu nchini, watoto wachanga walianza kupewa chanjo ya homa hiyo katika mpango wa kawaida mwanzoni mwa miaka ya 2000. Maana yake ni kuwa baba mwenye miaka 40 hakuipata utotoni kupitia mpango huo. Kijana wake huenda amekingwa ilhali yeye mwenyewe hajakingwa, na ndiye mwenye ndevu nyingi zaidi.

Yamkini utauliza, mbona kinyozi asiusafishe tu ule wembe wa zamani? Kuupangusa kwa kitambaa hakutoshi. Kuuchemsha kwaweza kuharibu mpini wake, na dawa ya klorini hula chuma chake. Usafishaji wa kweli huchukua muda, na kinyozi mwenye wateja wanne kwenye benchi hana muda huo.

Ndiyo maana nasema bila kusita: kwa kinyozi, chagua wembe wa kubadilishwa. Ule wa zamani uwe wa mtu mmoja, nyumbani kwake, mwenye subira ya kuutunza.

Hata hivyo, mpini wa kisasa peke yake si kinga. Wapo wanaotia wembe asubuhi na kuutumia mpaka jioni. Huo ni wembe wa kubadilishwa usiobadilishwa, na hauna tofauti na ule wa babu. Sharti karatasi ifunguliwe mbele ya macho yako, na mpini nao uoshwe kwa sabuni na kutiwa dawa, kwa kuwa damu huweza kuingia pale wembe unapobanwa. Usione haya. Mwambie kwa upole, "Kaka, nifungulie wembe mpya, nitaulipia." Bei ya wembe mmoja haifiki nauli ya matatu ya kwenda mjini. Akinuna, inuka uende kwingine. Kinyozi anayejali kazi yake hatanuna, maana naye vidole vyake vimo hatarini.

Tahadhari nyingine ni kuwa wembe huu mwembamba hausamehe. Ni mwepesi na pembe zake ni kali, kwa hivyo mkono wa haraka hukata. Wewe unayejinyoa nyumbani, usiukandamize. Uache uteleze wenyewe.

Na hapo ndipo tunaporudi kwenye maji ya wahenga. Ndevu zilizoloweshwa kwa maji ya moto dakika mbili au tatu hulainika na kukatika kwa urahisi, na sabuni yenye povu huukinga uso. Nyoa kufuata upande ndevu zinakoota. Sisi wenye ndevu za kujikunja tukinyoa kinyumenyume na karibu mno, ncha hurudi ndani ya ngozi na kuleta vile vipele vya shingoni. Ukiona vipele vinazidi, acha wembe kwa muda, utumie mashine inayobakisha ndevu kidogo.

Kwa wanafunzi wa bweni na wa vyuo, neno langu ni fupi. Mnagawana sabuni, mnagawana hata mkate, lakini wembe usigawanwe. Rafiki wa kweli hatakasirika ukimnyima. Nawe mama unayemnyoa mtoto nywele sebuleni, kila kichwa na wembe wake, hata kama ni watoto wa tumbo moja.

Mwisho, usiutupe wembe uliotumika ovyo kwenye taka. Chukua mkebe wenye kifuniko, utoboe tundu jembamba juu, uzitumbukize nyembe humo, na uuweke mbali na watoto. Anayezoa taka zetu naye ana mikono, na nyumbani kuna wanaomtegemea.

Basi msomaji, kama kuna kijana nyumbani mwako ambaye ameanza kuota ndevu, usimwachie afundishwe na wenzake bwenini. Mkalishe leo jioni, mwoneshe maji, sabuni na wembe wake mwenyewe. Na siku utakapompeleka kwa kinyozi, mwache aone unavyoomba karatasi ifunguliwe. Atalikumbuka hilo siku atakayokwenda peke yake.