Sheikh Jassim Alikuwa Hakimu Kabla ya Kuwa Shujaa

UPEPO WA GHUBA
Na Salim Mbwana, Doha

Kila ifikapo Desemba 18, Doha hujaa bendera, na jina linalotajwa kuliko yote ni la Sheikh Jassim bin Mohammed Al Thani, aliyeshika uongozi siku hiyo mwaka 1878. Husimuliwa zaidi kama mpiganaji wa vita vya Al Wajbah dhidi ya Waturuki. Naona tunampunja. Jassim alikuwa mwanazuoni wa Kihanbali aliyehutubu Ijumaa na kuamua kesi za watu wake, na siasa yake nzima ilikuwa ya hakimu, mtu aliyejua uzito wa hati, nani ana haki ya kudai nini, na pa kukataa ni wapi.

Shule yake ilikuwa chungu. Mwaka 1867 alikwenda Bahrain kufanya mazungumzo, akatiwa kizuizini, kisha Doha na Wakra zikashambuliwa na kuporwa. Septemba 1868 mwakilishi wa Uingereza katika Ghuba, Lewis Pelly, alimtilisha Mohammed bin Thani, baba yake Jassim, saini kwenye mapatano. Karatasi ile ilimbana mzee, lakini pia ilizungumza naye moja kwa moja bila kupitia Bahrain, na kwa macho ya sheria hilo lilikuwa jambo kubwa. Waturuki walipofika mwaka 1871, Jassim alipokea bendera yao, na baadaye akakubali cheo chao cha kaimakamu, yaani mtawala wa wilaya. Wako wanaomwita kigeugeu kwa sababu hiyo. Mimi naona aliipima kila ahadi kwa mipaka yake: bendera ilikuwa kinga, ila forodha na maofisa wa kigeni bandarini vilikuwa umiliki, na hivyo alivipinga hadi akajiuzulu cheo mwaka 1892.

Mtu atauliza, je, bila bunduki za Al Wajbah hati zingefaa nini? Swali ni la haki, na jibu limo katika vita vyenyewe. Mwaka 1893 gavana wa Basra, Mehmed Hafiz Pasha, alikuja na askari na kumkamata Ahmed, nduguye Jassim, pamoja na wazee wengine. Jassim alitoa kwanza lira 10,000 ili waachiwe. Pasha akakataa, ndipo risasi zikalia. Waturuki waliposhindwa, Jassim hakuwafuata kuwamaliza. Alidai mateka wake, naye akawapa wapanda farasi wao njia salama ya kurudi mji wa Hofuf. Vita vilimpa nguvu ya kudai, na alichodai kilikuwa na kipimo. Baadaye Sultani wa Uturuki alimsamehe na gavana akaondolewa. Jassim alifariki Julai 17, 1913. Siku 12 baadaye Uingereza na Uturuki zikatia saini mkataba uliosema Qatar itatawaliwa na Jassim na warithi wake kama zamani. Mkataba haukuidhinishwa kamwe, lakini jina lake lilikuwa limekwisha andikwa na madola mawili.

Wengine watasema namvisha joho lisilo lake, maana hakuwa wakili. Lakini Abraham Lincoln naye aliingia bunge la jimbo la Illinois mwaka 1834 kabla ya kupata leseni ya uwakili, na sheria aliisoma mwenyewe vitabuni, bila chuo. Karne ile sheria na uongozi vilikaa nyumba moja, Illinois hata Doha.

Pingamizi zito ni jingine, nami sitalikwepa. Katika zama za Jassim, watu waliotekwa Afrika Mashariki walizamia lulu katika maji haya wakiwa watumwa, na biashara ya lulu ilipopanda, mahitaji ya watumwa nayo yalipanda. Zanzibar soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini chini ya tishio la manowari za Uingereza. Hapa utumwa uliendelea. Tukimsoma Jassim kama shujaa wa vita tu, swali hilo halimfikii. Tukimsoma kama hakimu, linamfikia: ni nani aliyehesabiwa kuwa na haki mbele yake? Jumba la makumbusho la Bin Jelmood, lililofunguliwa mtaa wa Msheireb hapa Doha mwaka 2015, linasimulia habari za watu hao, na ni mwendo mfupi kutoka Corniche, barabara ya ufukweni. Utumwa ulikomeshwa Qatar mwaka 1952, mtawala akiwa Ali bin Abdullah, mjukuu wa Jassim.