Nyumba ya Pwani na Kopo la Rangi: Msamiati Unaofunikwa Ukutani

Ni jambo la kawaida siku hizi kumkuta mkazi wa Eldoret aliyejaliwa kipato akinunua kiwanja Kilifi, Diani au Malindi kwa nia ya kujenga kijumba cha mapumziko karibu na bahari. Paa likishaezekwa, huzuka swali linaloonekana kuwa jepesi: kuta zipakwe rangi gani, na ndani kupambwe kwa vitu gani? Jibu hutafutwa katika kadi za rangi za dukani, ambazo takriban zote zimeandikwa kwa Kiingereza, au katika picha za majarida ya kigeni. Hatima yake ni nyumba iliyoiga visiwa vya Ugiriki kwa madirisha ya buluu, nyavu zikining'inia ukutani mahali ambapo hapana mvuvi. Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo halimhusu fundi wa rangi peke yake. Ni swali la lugha na fasihi, na wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu wa kulijibu.

Kwanza, ifahamike kwamba Waswahili walikwisha kulijibu karne nyingi zilizopita. Katika Mji Mkongwe wa Lamu, ulioorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, nyumba za kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa. Chokaa hiyo ilitokana na matumbawe yaleyale: vipande vyake vilipangwa juu ya rundo la magogo, vikachomwa, kisha vikazimwa kwa maji. Weupe wa kuta hizo haukuwa pambo tu. Nyumba ilikuwa na madirisha machache ya kuelekea nje, na nuru ilipatikana zaidi kutoka kiwandani, yaani ua wa ndani usioezekwa. Kuta nyeupe ziliipokea nuru hiyo na kuisambaza hadi vyumba vya nyuma. Aidha, chokaa huuruhusu ukuta kupumua. Jiwe la matumbawe lina vitundu vinavyohifadhi unyevu na chumvi. Likifunikwa kwa rangi ya plastiki, unyevu hukosa pa kutokea, rangi hufura na kubambuka, na lipu huanza kumomonyoka. Kwa hiyo, anayenunua nyumba ya kale na kuipaka rangi ya dukani huenda anaiharibu akidhani anaitunza.

Pili, nyumba hiyo ni kamusi. Mgeni aliketi kwenye baraza za daka, ukumbi wa mlangoni. Aliyeruhusiwa kupita alifika kiwandani, kisha kwenye msana, halafu ndani. Kila hatua ilikuwa na jina, na kila jina lilibeba adabu ya nani aingie na nani akomee wapi. Hata upana wa vyumba uliamuliwa na mti: boriti za mikoko hazikuweza kubeba dari pana, na ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa kama meta 3 au pungufu. Ndani kabisa kulikuwa na vidaka, au zidaka kwa Kiamu: safu za vishubaka vilivyochongwa kwa lipu na kutiwa nakshi, ambamo viliwekwa vyombo vya kauri, vitabu na vitu vya thamani.

Hapa ndipo suala hili linapomgusa mwanafunzi moja kwa moja. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anaomboleza kuporomoka kwa majumba ya Pate, na miongoni mwa anayoyataja ni vidaka vya vyombo ambavyo vimegeuka makao ya ndege. Mwanafunzi aliyeketi katika ukumbi wa mihadhara kwenye nyanda za juu za Uasin Gishu hujifunza beti hizo pamoja na fasiri ya maneno magumu. Hukariri kwamba kidaka ni tundu la ukutani, akafaulu mtihani. Lakini tundu la ukutani halimlizi mtu. Kinachomliza msomaji ni kujua kwamba pale palikuwa mahali pa ndani kuliko pote, palipofikiwa na wachache, na sasa ndege anaingia bila kubisha hodi. Asiyeijua nyumba huyaelewa maneno bila kuuhisi msiba.

Tatu, kuna suala la majina ya rangi. Kila mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba vivumishi vya rangi vinavyochukua upatanisho ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Wapo wanaolitumia jambo hili kama ushahidi kwamba Kiswahili ni maskini wa rangi. Dai hilo halina mashiko. Rangi nyingine Kiswahili kilizipa majina kwa kuvitazama vitu: kijani kutokana na majani, kijivu kutokana na majivu, kahawia kutokana na kahawa, manjano kutokana na bizari, zambarau kutokana na tunda. Utaratibu huo haujafungwa. Hakuna kinachomzuia mwenye nyumba kumwambia fundi kwamba anataka rangi ya boriti kuukuu au ya mchanga mbichi. Wala hakuna kinachomzuia mtu wa Eldoret kuagiza rangi ya ngano iliyokaribia kuvunwa. Tangu mwaka 2010 Katiba ya Kenya inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Urasmi usiofika kwenye kopo la rangi ni urasmi wa karatasini.

Nne, mapambo nayo yana maneno. Kanga hukatwa vipande na kushonwa foronya, jina lake likagawanyika, nusu kwenye mto huu na nusu kwenye ule. Kanga iliyokatwa jina imenyamazishwa. Milango ya nakshi nayo hung'olewa ikageuzwa meza za vioo, ingawa Sheria ya Makavazi na Turathi ya Taifa ya mwaka 2006 inaihifadhi milango iliyochongwa kwa mitindo ya Kiafrika na ya Mashariki kabla ya mwaka 1946.

Hata hivyo, mpinzani anaweza kuuliza: je, nyumba ya Mswahili yenyewe si mchanganyiko? Sahani zilitoka Uchina, na nakshi ina athari za Uarabuni na Bara Hindi. Hoja hii ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Lakini Waswahili walipokipokea cha mgeni walikitengea mahali na kukipa jina. Sahani ya Uchina ilipoingia katika kidaka ilikuwa imekwisha kuwa sehemu ya nyumba. Kuazima hakujawahi kuwa kosa. Kosa ni kuazima cha mbali huku cha jirani kikifutwa bila kuulizwa jina lake.

Kutokana na hayo, vyama vya Kiswahili vyuoni vinahimizwa kupanga ziara za Lamu zisizokomea kwenye picha, bali za kuketi na mafundi wa chokaa na wachongaji, na kuyaandika maneno yao wangali hai. Wahadhiri nao wafundishe tenzi za kale pamoja na ramani ya nyumba. Naye anayejenga, kabla ya kulifungua kopo, amuulize mzee wa mtaa ukuta huu huitwaje na ulipakwa nini. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.