"Na" ya Kompyuta Si "Na" Yetu

Programu za kumbukumbu, ziwe za wateja wa kampuni au za wanafunzi wa shule, humwezesha mtumiaji kuchuja ripoti: huweka masharti, nayo kompyuta humtolea majina yanayoyatimiza tu. Ni msaada mkubwa. Hata hivyo, sisi walimu hatuna budi kuwafunza wanafunzi kwamba kila kichujio ni sentensi, na sentensi ina sarufi yake.

Tuchukue mfano wa hapa Kakamega. Mwalimu mkuu akisema, "Niletee majina ya wanafunzi wanaotoka Butere na Mumias," tunaelewa kuwa makundi mawili yajumuishwe. Karani akiyaunganisha masharti hayo kwa "na" ya kompyuta, atapata ripoti tupu, kwani mashine itamtafuta mtoto mmoja anayetoka kote kuwili. Hapo pafaa "au". Msingi wa mantiki hii uliwekwa na Mwingereza George Boole mwaka wa 1847, kabla ya kompyuta za leo kuwako.

La hatari zaidi ni nafasi iliyoachwa wazi. Ukichuja mayatima ili wapewe basari, yatima ambaye hali ya wazazi wake haikujazwa hatatokea. Atakosa karo bila ya mtu yeyote kumkataa.

Mpishi wa tui huyatazama machicha kabla ya kuyatupa. Nasi, kabla ya kuitia ripoti sahihi, tuulize: ni akina nani waliobaki katika chujio?